Kura Zilizovuka Daraja

Bomba la mtaa lilikuwa mbele ya nyumba ya Dobi, hatua kumi tu kutoka mlangoni. Lilikuwa bomba zuri la chuma, lenye sakafu ya saruji na ukuta mfupi wa kuegemea. Lilikosa kitu kimoja tu, nacho ni maji. Kwa miaka mitatu halikutoa hata tone. Watoto wadogo walilipanda wakacheza kama wamepanda farasi.

Dobi alifua nguo za watu. Mashati ya walimu, mashuka ya nyumba ya wageni, sare za walinzi, zote zilipita mikononi mwake. Kazi hiyo ilitaka madumu sita ya maji kila siku. Maji yalikuwa kwenye kisima cha bondeni, mwendo wa nusu saa kwenda. Kurudi ni zaidi, maana ni mlima na dumu limejaa. Dobi alibeba madumu manne. Mawili yaliyobaki aliyabeba binti yake, kabla ya kwenda shule.

Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Alikuwa mtoto wa hesabu. Ukimtajia namba mbili, alikwisha kuzijumlisha kabla hujafunga mdomo. Lakini hesabu zilifundishwa kipindi cha kwanza, na kisimani kulikuwa na foleni. Alipofika shuleni, ubao ulikuwa umeshafutwa.

Siku moja alirudi na barua. Dobi aliisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na tangu hapo alisoma kila alichokiona, hata maandishi ya mifuko ya sabuni. Barua ilisema hivi:

"Mwanao amekosa somo la hesabu siku kumi na saba muhula huu. Akiendelea hivi, hatasajiliwa kwa mtihani wa mwisho."

Dobi aliketi juu ya beseni lililopinduliwa. Moyo ulimuuma kwelikweli. Bila maji, nyumba haili. Kwa maji haya, mtoto hasomi. Afanyeje?

"Mama, nitaamka mapema zaidi," alisema Binti.

"Mapema ipi tena, mwanangu? Unaamka kabla ya jogoo."

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi wa pampu. Mtaa mzima ulimwita Fundi Pampu. Yeye alilijua tatizo la bomba lile.

"Pampu yetu imekufa mota," alimwambia Dobi. "Mota tu. Halmashauri ina fungu la kuinunua. Lakini kwenye kikao lazima diwani asimame aseme, kata yangu haina maji. Diwani wetu anayemaliza muda wake hajasimama hata siku moja. Nasikia husinzia."

"Kwa nini chama hakimsukumi?"

"Kitamsukuma cha nini? Kanda hii ipo mfukoni mwao. Nani humbembeleza mke aliyekwisha kumuoa?"

Dobi alicheka, ingawa hakuwa na hamu ya kucheka. Fundi Pampu naye hakuishia kwenye maneno. Uchaguzi ulipokaribia, aliomba kugombea udiwani kwa chama hichohicho, akapitishwa. Ahadi yake ilikuwa moja tu, kwamba kikao cha kwanza atasimama na kuidai mota. Watu walimwamini kwa sababu walimfahamu. Wengi wao walikuwa wameshamwona na grisi mpaka kwenye nyusi.

Basi Dobi akahesabu miezi. Uchaguzi, kikao, mota. Kama mambo yangekwenda sawa, Binti angewahi hesabu kabla ya mwaka kuisha. Hilo ndilo tumaini alilokuwa nalo, na hakuwa na lingine.

Mume wa Dobi alikuwa mwashi. Alikuwa pia mwenyekiti wa tawi la chama pale mtaani, mwaka wa kumi na mbili sasa. Alikipenda chama kuliko alivyopenda kula. Mchana alikuwa na matofali, na asubuhi na jioni alikuwa na chama. Ndiyo maana madumu hayakuwahi kumgusa bega.

Jumamosi moja alikuja Katibu wa Kanda. Alivaa viatu vinavyong'aa, akafika na ramani kubwa, akaibandika kwenye ukuta wa ofisi ya tawi. Ramani ilipakwa rangi tatu.

"Nyekundu ni ya wapinzani," alisema. "Njano ni pa kugombania. Kijani ni petu. Ninyi hapa ni kijani kibichi! Jipigieni makofi."

Watu walijipigia makofi.

"Sasa sikilizeni mkakati. Hapa kwenu tunashinda kwa kura nyingi mno. Kura za ziada hazina kazi. Zinamwagika tu, kama maji ya ndoo iliyojaa."

"Ndoo gani iliyojaa, huku kwetu?" aliuliza bibi mmoja wa nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko.

Katibu alicheka nao. Alikuwa na mdomo wa asali yule bwana. "Ng'ambo ya daraja, jimbo la pili, tulishindwa ubunge kwa kura mia mbili. Tukipeleka watu kutoka kila tawi la kijani, tunalichukua. Basi litakuja. Mtaenda kujiandikisha kule. Siku ya kura basi litawapeleka tena. Basi."

"Na udiwani wa hapa?" aliuliza Fundi Pampu.

"Hapa? Hapa hata tukisimamisha kiti cha plastiki kitashinda!"

Watu walicheka tena. Fundi Pampu hakucheka.

Mwashi aliorodhesha watu sitini na wawili, na jina la tatu lilikuwa la mke wake. Dobi hakuuliza sana. Mume amesema, chama kimesema, na kura ni kura, ndivyo alivyofikiri. Ng'ambo ya daraja waliambiwa waseme wanaishi nyuma ya kinu cha unga. Wakasema hivyo wote, mmoja baada ya mwingine. Mwandikishaji aliinua macho alipofika mtu wa arobaini.

"Kinu hicho kina wapangaji wengi," alisema. Kisha akaendelea kuandika.

Miezi miwili ikapita. Dobi alikwenda shuleni kumwomba mwalimu wa Binti amvumilie mtoto kidogo. Mwalimu alikuwa mpole, lakini hakuyumba. "Mama, mimi siwezi kumsajili mtoto asiyejua sehemu na asilimia. Nitamfelisha bure. Nampa mpaka mwisho wa muhula ujao."

Dobi alitoka ameinamisha kichwa. Kwenye ukuta wa darasa la kwanza aliona karatasi nyingi zimebandikwa, majina kwa majina. Miguu ikasimama yenyewe. Pembeni, kwenye dawati la watoto, aliketi karani wa uchaguzi. Alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kamba shingoni.

"Karibu, mama," alisema karani. "Hili ni daftari la wapigakura wa kata hii. Tumelibandika siku saba ili kila mtu akague jina lake. Leo ni siku ya tatu. Tafuta lako."

Dobi alitafuta. Kidole kilishuka ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Aliliona jina la yule bibi aliyeuliza habari ya ndoo. Aliliona la Fundi Pampu. La kwake halikuwepo.

"Silioni."

"Ulijiandikisha wapi?"

Dobi aliondoa kidole ukutani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ng'ambo ya daraja."

"Unaishi ng'ambo?"

"Hapana. Naishi pale, mkabala na bomba lisilotoa maji."

Karani alivua miwani. Hakukasirika. Alionekana kuchoka, kama mtu aliyeisikia habari hiyo mara nyingi. Alichukua karatasi tatu za mfano, akazipanga juu ya dawati.

"Siku ya kura utapewa karatasi tatu, mama. Hii ni ya rais. Popote ulipo nchini, wagombea ni walewale. Hii ya pili ni ya mbunge. Hii ni ya watu wa jimbo lako tu. Na hii ya tatu ni ya diwani. Ni ya watu wa kata yako tu. Sasa niambie, ukipiga kura ng'ambo, unamchagua diwani wa nani?"

Dobi alizitazama karatasi. "Wa ng'ambo."

"Na diwani wa bomba lako anachaguliwa na nani?"

"Na waliobaki."

"Haya. Na kuna la pili. Sheria inasema unajiandikisha pale unapoishi. Kudanganya makazi ni kosa. Chama kinaweza kukuomba kura, ni haki yake. Hakiwezi kukuhamisha."

Dobi akauliza, "Nitafungwa?"

"Mimi sikufungi. Nataka urudi. Kuna fomu ya kurekebisha makazi. Lete kadi yako na uthibitisho kwamba unaishi hapa, barua ya serikali ya mtaa inatosha. Zimebaki siku nne. Zikipita, daftari linafungwa, na hapo hata mimi sina la kukusaidia."

Jioni ile Dobi alimsubiri mume wake amalize kunawa. Maji yenyewe ya kunawa yalikuwa kikombe kimoja.

"Baba Binti, tumekosea," alisema. Akamweleza yote, karatasi baada ya karatasi.

Mwashi alisikiliza akijifuta mikono. "Huyo karani ni wa upinzani."

"Hakuniambia nimchague nani. Ameniambia niko wapi tu."

"Mke wangu, mimi ndiye mwenyekiti. Nimewaandika watu sitini na wawili. Leo niwaambie warudi? Katibu ataniona mtu gani?"

"Na mwanao atakuona mtu gani?"

"Fundi atashinda tu. Hapa ni ngome."

"Mwenye magari ya maji amechukua fomu leo," alisema Dobi. "Anagombea kama mgombea binafsi."

Mwashi aliacha kujifuta mikono. Mtu huyo walimjua wote. Alikuwa na malori mawili yenye matangi, akiuza maji mtaa kwa mtaa. Bomba likitoa maji, malori yake yangelala.

"Hana chama," alisema Mwashi hatimaye. "Mtu asiye na chama hawezi kushinda kwenye ngome." Akaenda kulala bila kula.

Kesho yake Dobi alipita nyumba hadi nyumba na kapu lake la nguo safi. Kila alipokabidhi nguo alieleza habari ya karatasi tatu. Wengine walimwelewa. Wengine walimwambia, "Mumeo ndiye aliyetuandika, na wewe ndiye unayetufuta. Kamalizaneni kwanza nyumbani." Wengine walicheka. Kijana mmoja, fundi wa rangi, alimjibu, "Mama, huku au kule, yote ni yaleyale. Tumepiga kura miaka yote, tumepata nini?" Hata Dobi mwenyewe usiku alijiuliza hivyohivyo.

Siku ya mwisho walikwenda kwa karani watu tisa, Dobi na wanane wengine. Karani alijaza fomu zao, akawaonyesha pia namna ya kupiga kura. "Weka alama ndani ya kisanduku cha mtu mmoja tu. Ukiweka kwa wawili, kura imeharibika. Ukiandika jina lako, imeharibika. Usimwonyeshe mtu. Kunja, tumbukiza, nenda nyumbani."

Siku ya uchaguzi basi lilikuja asubuhi. Watu hamsini na watatu walipanda, Mwashi mbele akiwa na fulana ya chama. Waliimba mpaka wakavuka daraja. Dobi alikwenda shuleni kwa miguu. Alipewa karatasi tatu. Kwenye ya tatu alimwona Fundi Pampu, picha yake ndogo, nywele zimechanwa kwa mara ya kwanza. Aliweka alama. Alama ilikaa ndani ya kisanduku.

Matokeo yalibandikwa ukutani asubuhi ya pili. Kata ilikuwa ndogo, na kituo kilikuwa hicho kimoja tu. Watu walisongamana. Mwashi alifika na mkewe na binti yao. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri maandishi madogo.

"Tusomee, mwanangu," alisema. "Udiwani."

Binti alisogea karibu. "Fundi Pampu, mia nne kumi na mbili. Mwenye magari ya maji, mia nne arobaini na tisa."

Fundi Pampu alikuwa amesimama pale pale nyuma yao. Aliitikia kwa kichwa mara mbili, kama mtu aliyeambiwa kifaa hakipatikani dukani, akaondoka.

"Amezidiwa kura thelathini na saba," alisema Binti. Kisha akamgeukia baba yake. Hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa mtoto wa hesabu tu, na hesabu ilikuwa haijaisha. "Baba, juzi mlikuwa wangapi kwenye basi?"

Mwashi alifungua mdomo. Idadi aliijua. Alikuwa amewaita majina mwenyewe, mlangoni mwa basi. Alitazama ukuta, akatazama viatu vyake, na machozi yakamtoka mbele za watu.

Dobi alimshika mkono, wakaenda nyumbani. Hakumwambia, "Nilikuambia." Maneno hayo yalikuwa yamemjaa mdomoni, akayameza. Yangemsaidia nani?

Jioni Mwashi alimpigia simu Katibu wa Kanda. Nyuma ya sauti ya Katibu kulikuwa na ngoma na vigelegele.

"Mwenyekiti! Hongera! Jimbo la ng'ambo tumelichukua. Mkakati umejibu!"

"Huku tumepoteza diwani, Katibu."

"Ah, diwani mmoja tu. Usijali."

"Na maji yetu?"

"Maji? Ndugu yangu, sasa hapo mna diwani wenu. Nendeni mkamwone yeye."

"Na mbunge mpya tuliyemchagua? Hawezi kutusemea?"

"Yule ni wa kule. Ana watu wake wa kule." Ngoma zikazidi, simu ikakatika.

Mwashi aliiweka simu juu ya meza. Miaka kumi na miwili. Mikutano, mabango, viatu vilivyoisha kwa kutembea nyumba kwa nyumba. Alimtazama mkewe akipiga pasi shati la mwalimu.

"Tumetumiwa," alisema.

"Ndiyo," alisema Dobi. "Tumetumiwa, na tumekubali." Hakusema hivyo kwa kumchoma. Na yeye alipanda basi la kwanza, lile la kujiandikisha.

Kikao cha kwanza cha halmashauri kilipita. Mota haikutajwa. Diwani mpya alileta lori la maji mtaani siku moja, bure, akapigwa picha. Wiki iliyofuata lori lilirudi na bei yake. Yule kijana fundi wa rangi alipita kwa Dobi kuchukua suruali yake. "Si nilikuambia?" alisema. Dobi alimkunjia suruali, akapokea pesa yake.

Lakini nyumbani mwao kitu kimoja kilibadilika. Mwashi alirudisha mhuri wa tawi, akaacha uenyekiti. Asubuhi alianza kuamka kabla ya wote, akafunga madumu mawili kwenye ncha mbili za mti, akayabeba begani mpaka bondeni na kurudi, kisha ndipo akaenda kwenye matofali yake. Siku za kwanza wanawake kisimani walimcheka. "Mwenyekiti, leo mkutano uko huku?" Naye aliwaitikia, "Uko huku, ndugu zangu. Ajenda ni moja." Bega lilivimba, kisha likazoea.

Binti akaanza kuwahi kipindi cha kwanza. Alikuta ubao umejaa. Mwisho wa muhula mwalimu aliandika barua nyingine, fupi kuliko ile ya kwanza. Binti alikuwa amesajiliwa kwa mtihani.

Siku alipoisoma barua hiyo, Mwashi alivaa shati safi akaenda ofisi ya uchaguzi. Alikuwa na kadi yake na barua ya serikali ya mtaa. Alimkuta karani yuleyule, miwani shingoni, amezungukwa na maboksi yaliyofungwa. Ofisi ilikuwa kimya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kurudisha jina langu kwenye kata yangu."

Karani alimtazama. "Uchaguzi umeisha, baba. Mwingine ni baada ya miaka mitano. Ungesubiri tu mpaka daftari litakapofunguliwa kwa wote. Haraka ya nini?"

"Katika miaka hiyo mitano sitarajii kitu," alisema Mwashi. "Sitaki kukudanganya. Bomba lile nimeshalizika."

"Sasa?"

"Binti yangu atakuwa na miaka kumi na minane. Atakuja kukagua jina lake ukutani, na yule husoma orodha yote, haruki hata mstari." Mwashi alisukuma kadi yake juu ya meza. "Nataka akifika kwenye herufi yangu, anikute."

Karani alivaa miwani, akavuta fomu.